Mwezi Ulioonekana Moa

Mjukuu wangu anafundisha kompyuta chuo kikuu. Juzi alinisomea ukurasa aliotakiwa auandike ili wageni wamjue: amesoma wapi, amefika daraja gani, anapenda kutafiti mambo gani. Aliusoma mbiombio huku akinywa chai yangu, kisha akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa. Akaniangalia kwa ile huruma wanayowapa vikongwe, akaanza kunifafanulia kanuni ni kitu gani, kwamba ni hatua zinazofuatana, na hata asiyejua lolote akizifuata bila kuruka atafika. Nilimwacha aeleze mpaka akachoka.

Hajui, na sikumwambia, kwamba nami niliwahi kuandika ukurasa kama ule. Niliuandika Tanga, katikati ya miaka ya hamsini, nikiwa binti wa darasa la nane, na hati yangu ilikuwa nzuri kuliko yake. Ukurasa wake umempa ofisi yenye kiyoyozi. Wangu sijui uliishia wapi. Pengine ulifungiwa vitumbua.

Aliyeniambia niuandike ni mwalimu mkuu wetu, Mwingereza mmoja mrefu aliyekuwa akitembea na mwavuli hata kiangazi. Aliniita akaniambia kwamba shule ya juu ya wasichana, huko bara, ina nafasi moja kwa ajili yetu, na kwamba yeye anataka iwe yangu. Wenye shule walitaka kwanza maelezo ya mtoto mwenyewe: ulisoma wapi tangu mwanzo, na unapenda elimu gani. Pia walitaka ridhaa ya baba. La kwanza nililimaliza siku ile ile.

Niliandika kwamba nimesoma chuo cha Kurani, kisha shule ya serikali. Niliandika kwamba napenda hesabu. Basi. Elimu niliyokuwa nayo hasa sikuiandika, kwa sababu kwa Kiingereza nilichokijua haikuwa na jina, na kwa Kiswahili ilikuwa na jina la baba yangu.

Baba alikuwa mwalimu wa chuo, mtu wa Mtang'ata aliyehamia mjini na kujenga Makorora. Watoto wa mtaa mzima waliisoma Kurani barazani kwake. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa falaki, yaani elimu ya kupiga hesabu za jua na mwezi. Ile karatasi ya nyakati za sala iliyokuwa ikibandikwa misikitini, inayosema alfajiri inaingia saa ngapi na magharibi saa ngapi kwa kila siku ya mwaka, ilitoka nyumbani kwetu. Watu walirekebisha saa zao kwa karatasi ile. Chini yake liliandikwa jina la baba, na juu ya jina dua ya kumwombea umri mrefu.

Karatasi ile nilikuwa naifanya mimi. Baba aliingiwa na mtoto wa jicho nikiwa mdogo, kwanza jicho moja, kisha la pili. Alianza kunifundisha namba ili nimsomee majedwali yake, akanifundisha rubui, kile kibao cha robo duara chenye uzi na kitufe cha risasi ambacho wenye falaki hupimia, akanifundisha kuushika uzi mkono usitetemeke. Mwanzo nilikuwa macho yake tu. Baadaye akawa ananiachia jedwali zima, akirudi kutoka msikitini ananiambia nimsomee, naye anazipitia zile namba kichwani midomo ikimchezacheza. Palipo na kosa alisema rudia. Miaka ya mwisho neno rudia sikulisikia tena. Hapo ndipo ulipoanza uchungu wangu, maana mtu aliyetumika bila kukosea husahauliwa kwamba anatumika. Waliokuja kumpongeza baba kwa karatasi ya mwaka niliwapelekea kahawa mimi, nikipitisha sinia kwenye pazia.

Siku moja, kwa uchovu tu, nikafanya jambo ambalo mjukuu wangu leo angeliandikia sura tatu za kitabu. Hesabu ya magharibi niliivunja vipande vidogo, kila kipande amri moja. Chukua namba hii. Tazama jedwali lile, safu ya pili. Jumlisha. Ikizidi sitini, toa sitini, ongeza moja upande wa kushoto. Nenda mstari unaofuata. Nikaviandika vyote kwa herufi za Kiarabu, nikampa mama, ambaye alijua kusoma lakini falaki hajui hata mlango wake uko wapi. Mama alikuwa anasuka ukili wa mkeka. Akauweka pembeni, akazifuata zile amri moja baada ya nyingine kwa kijiti cha mkaa juu ya kibao, akafika mwisho. Jibu lake lilikuwa sahihi, na jioni ile adhana ililia dakika ile ile aliyoiandika.

"Na mimi nimefanyani?" akauliza.

Nikamwambia amelipigia hesabu jua kuzama. Akaapa kwamba hajui alichokifanya. Nikamwambia ndiyo uzuri wake. Akacheka, akasema hata ukili ni hivyo hivyo, akianza kuufikiria mkono hupotea. Tulicheka sote wawili. Sikumbuki kama niliwahi kufurahi vile tena, na nimezaa, nimeozesha, na nimehiji.

Baba alipoambiwa hakucheka. Alisema elimu haivunjwi vipande ikagawiwa kila mtu jikoni, akataka kibao kile kifutwe. Nilidhani amekasirikia utovu wa adabu. Nilikuwa mtoto. Kama mke asiyejua kitu angeweza kufika kwa kufuata amri, basi ile dua iliyoandikwa juu ya jina lake ingekuwa ya nini?

Nilimsimulia mwalimu mkuu habari ya mama na kibao, nikitafuta maneno ya Kiingereza kwa shida. Aliweka kalamu chini. Akaniambia kwamba kwao sasa kuna mashine zimejengwa, kubwa kama chumba cha darasa, na mtu huziandikia amri moja moja namna ile ile, nazo huzifuata zenyewe bila kujua zifanyacho, na majibu hutoka. Akasema wapo wanawake wanaoziandikia. Nikarudi nyumbani sizioni njia. Kitu kilichofutwa jikoni kwetu kwa kitambaa cha majivu, wenzetu walikuwa wamekijengea nyumba.

Hicho ndicho nilichokitaka. Sikutaka ualimu wala uuguzi, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikitajwa kwa wasichana waliosoma. Nilitaka nifike bara, kutoka bara nifike mbele zaidi, mpaka nisimame mbele ya mashine ile niipe amri zangu.

Mama alilipeleka jambo hilo kwa baba katika kumi la mwisho la Ramadhani, baada ya futari, mtu akiwa ameshiba na moyo umelainika. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Baba alisikiliza, kisha akauliza, "Mwana wa kike yuaenda bara kufanyani?" Mama akamweleza. Baba akasema nimeshavunja ungo, binti wa mwalimu wa chuo hapandi basi kwenda kulala kwa watu asiowajua, na darasa la nane ni fadhila tayari, wenzangu wa mtaani waliwekwa ndani zamani. Yote hayo yalikuwa kweli. Lililokuwa kweli zaidi hakulisema, kwamba nikiondoka mimi, karatasi ya nyakati haitatoka, na watu watajua kwa nini.

Mama hakuwa mtu wa kubishana. Akasema kwa upole kwamba huenda ni kweli, huenda mtoto hajaiva, hata hesabu zake bado za kubahatisha. Hapo alimgusa pabaya. Baba alikuwa radhi kusikia lolote, si hilo. Akaniita. Akaniambia nimpigie hesabu ya mwezi wa Idi mbele yake, pasina kibao, nisome kila hatua kwa sauti.

Nilikuwa nimekwisha kuipiga. Jioni ya siku ya ishirini na tisa, ambayo watu wote wangetoka kuutafuta mwezi, mwezi ungezama kabla ya jua. Si kwamba ungekuwa mdogo au mgumu kuonekana. Ungekuwa umeshakwenda zake chini wakati jua bado liko juu. Hakuna jicho la binadamu ambalo lingeuona. Kwa hiyo tungefunga siku ya thelathini, Idi iwe kesho yake. Nilisoma hatua zote. Baba alizifuata kwa midomo, mara moja akaniambia ngoja, akazirudia mbili za mwisho peke yake, kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Mwezi usipoandama siku hiyo," akasema, "utakwenda huko bara, na nauli natoa mimi. Ukiandama, jambo hili nisilisikie tena ndani ya nyumba hii. Mama yako shahidi."

Nililala nikiwa nimekwisha kufika. Nilijua, na yeye alijua, kwamba amenipa ruhusa. Alikuwa ameificha tu ndani ya masharti ili asionekane ameshindwa na mwanamke. Nilimpenda sana baba yangu usiku ule, na ndiyo sababu kilichofuata sijakisamehe.

Ramadhani hiyo iliangukia masika. Siku ya ishirini na tisa mvua ilinyesha tangu asubuhi, ikaacha alasiri, na mawingu yakabaki yamelala juu ya bahari. Wanaume walikwenda ufukweni wakasimama wakinyoosheana vidole, wakarudi bila habari. Tukafuturu. Mama akaniangalia juu ya bakuli la uji akauma mdomo asitabasamu. Nikaanza kuhesabu nguo zangu: gauni la shule, la pili la kushindia, kanga alizonipa shangazi.

Baada ya sala ya isha likaja lori kutoka Moa, kijiji cha pwani karibu na mpaka. Lilileta mashahidi wawili. Wa kwanza alikuwa mzee mwenye minazi mingi, mtu aliyejenga msikiti kwa mali yake na ambaye kila mtu toka mpakani hadi mjini alimwamkia kwa kuinama. Wa pili alikuwa kijana, mume wa binti yake. Walisema wameuona mwezi Moa, juu ya mikoko, mawingu yalipofunguka kidogo. Sheria inataka mashahidi wawili waadilifu, na hao walikuwa wawili, na uadilifu wa mzee hakuna aliyethubutu kuupima.

Masheikh walikusanyika msikitini kupokea ushahidi, na baba aliitwa akae nao. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa karani kwenye shamba la mkonge na ambaye usiku ule alimshika baba mkono kumwongoza njia. Mzee wa Moa alitoa ushahidi wake. Mkwewe akasema ndivyo, naye kauona. Sheikh mkubwa akawageukia wenzake, akamwacha baba awe wa mwisho kwa heshima ya elimu yake.

Sasa, yako maswali. Baba mwenyewe alinifundisha. Ukiletewa shahidi wa mwezi, muulize pembe zilielekea upande gani. Muulize ulikuwa kushoto au kulia kwa mahali jua lilipozamia. Muulize ulikaa juu kwa muda gani. Muulize kila shahidi peke yake, mwenzake asisikie. Aliyeona wingu lenye ukingo mweupe atababaika kwenye swali la pili. Nilikuwa nimeyakariri kama sura fupi za Kurani.

"Sheikh, una neno?" wakamuuliza.

"Sina neno," baba akasema.

Mjomba alisema alilitamka haraka, kama mtu anayerudisha kitu cha moto. Mara vigelegele vikaanza upande wa Ngamiani, vikavuka barabara hadi kwetu, na jirani akagonga ukuta kutuambia kesho Idi. Mama alikuwa ameshika kata ya maji. Akaiweka chini, akaanza kuchambua mchele wa pilau, kwa sababu mwanamke hana siku ambayo kazi haimngoji.

Asubuhi niliamka nikakaa na kanga yangu ya jana. Nyumba ilinukia tambi za nazi na udi. Mama akaniletea sahani nikaisogeza. Akashtuka, akanong'ona kwamba kufunga siku ya Idi ni haramu. Nikamjibu kwamba leo si Idi, leo ni Ramadhani, siku ya thelathini, na baba anajua. Sikunong'ona. Baba alikuwa ukumbini, amevaa kanzu mpya, anangoja mkono wa kumpeleka kuswali.

Alikuja akipapasa ukuta. Akaipata sahani kwa vidole, akachota tambi, akanyoosha mkono kuelekea pale sauti yangu ilipotokea.

"Kula," akasema.

Nikamwambia, "Baba, wewe mwenyewe ulizifuata hatua zote."

"Mwezi umeshahidiwa. Kula."

Nikala kutoka mkononi mwake. Zilikuwa tamu, na hilo nalo lilinikera. Kisha mjomba akaja wakaondoka, na mimi nikavalishwa gauni la Idi nikawapelekea majirani sahani zilizofunikwa kwa kawa, nikiitikia Idi mubarak kila mlango.

Jioni ya siku ile mbingu ilisafika. Nilitoka uani baada ya magharibi nikautazama. Ulikuwa ukucha uliokatwa, mwembamba, chini kabisa, na hata sikumaliza kuanua nguo kwenye kamba ukawa umezama. Mwezi wa siku ya pili hauwi vile. Mtaa mzima uliuona, na mtaa mzima ulikuwa umeshiba pilau, hivyo hakuna aliyesema kitu. Baba alisimama mlangoni. Hakuniuliza nimeona nini, yeye ambaye tangu nikiwa na miaka minane hakuna mwezi uliopita bila kuniuliza.

Mwalimu mkuu alitupa muda hadi mwisho wa mwezi wao wa Kizungu kumpelekea ridhaa. Nilirudi shuleni nikamwambia baba bado anafikiri. Nilisema vile kwa sababu sikuwa nimekata tamaa. Nilidhani hesabu iliyo sahihi haiwezi kushindwa moja kwa moja, lazima itajitokeza mahali. Hiyo ndiyo hasara ya kufundishwa hesabu mapema.

Na kweli ilijitokeza. Siku chache baada ya Idi shangazi yangu, dada wa baba aliyeolewa Moa, alikuja kututembelea na mafungu ya miyaa ya mama ya kusukia. Shangazi alikuwa mtu wa mizaha, mambo ya watu aliyasimulia kwa sauti zao. Akatusimulia habari ya mwezi. Mzee alisimama ufukweni na mkwewe peke yao, wengine walishakimbia mvua. Mzee akanyoosha mkono akasema, ule pale, wauona? Kijana akatazama, akatazama tena, haoni kitu ila wingu. Basi akasema nauona, baba. Shangazi alimwiga, amekunja mabega, macho ameyaelekeza chini. Angesemaje? Ameoa mwaka juzi, mahari bado anamalizia, na mkwewe mbele yake amenyoosha kidole. Kijana yule hata kula mbele ya mzee huyo hali. Aje amwambie haoni anachokiona? Kitandani ndipo alipomwambia mkewe kwamba wallahi hakuona lolote, na mkewe akamwambia somo yake, shoga wa siri zake, na somo akamwambia Moa nzima. Moa nzima ilijua. Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Mimi na mama hatukucheka. Hiyo ndiyo bei niliyouzwa, adabu ya mkwe mmoja. Na ubaya wake ni kwamba simlaumu. Tungekuwa sisi, kila mmoja wetu mtaani kwetu, tungeuona mwezi ule.

Niliondoka pale nikaenda barazani kwa baba. Watoto wa chuo walikuwa wameshatawanyika. Nikamweleza neno kwa neno, nikamwambia shahidi wa pili hakuona, kwa hiyo shahidi ni mmoja, kwa hiyo mwezi haukuandama, kwa hiyo ahadi ipo. Nilizipanga kama zile amri za kibaoni, nikijua hawezi kuruka hata moja.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Umemaliza?" akauliza. Nikamwambia nimemaliza.

"Neno hili lisitoke kinywani mwako. Utamvunjia mzee yule heshima yake, na kijana nyumba yake. Watu wamekula Idi, wameswali, wamesameheana. Unataka waambiwe nini sasa?"

Nikamwambia sitaki waambiwe kitu. Nataka ajue yeye.

Alianza kutafuta tasbihi yake, na tasbihi ilikuwa mkononi mwake.

Nyumbani tulikuwa tukifunga sita, zile siku za sunna baada ya Idi, na baba akafunga pamoja nasi. Tulipozimaliza mama akapika maandazi ya kutosha, tukala asubuhi tukafurahi kurudi kwenye kawaida. Kesho yake nikampelekea baba chai na muhogo wa nazi barazani, kama kila siku.

"Rudisha," akasema. "Nimefunga."

Nikamkumbusha kwamba sita tumezimaliza juzi.

"Si sita. Nalipa."

Nilibaki nimesimama na sinia. Baba yangu hakuwahi kudaiwa siku ya Ramadhani. Hakusafiri, na homa haikumfunguza. Mwaka aliolala na malaria alifunga huku meno yanagongana na mama analia. Nilimuuliza analipa siku ipi. Aligeuza uso upande wa mlango, ambako mwanga ulikuwa ukimfikia kidogo.

"Waijua," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Nawe ilipe, kabla Ramadhani nyingine haijaingia."

Alikuwa amekiri. Nilidhani yanayofuata ni mepesi, ni mstari unaofuata tu. Nikasema, "Basi na shule, baba?"

Alizungusha tasbihi kiasi cha mtu kumaliza sura fupi. Alikuwa anafikiri kweli, siwezi kumsingizia. Nilimwona.

"Shule si deni la Mungu," akasema. "Weka hilo sinia, ulete rubui. Mwezi wa Mfunguo Pili unakaribia."

Nikaliweka sinia jikoni, nikaleta rubui. Nikakaa, nikaushika uzi, nikamsomea namba. Mkono haukutetemeka, hilo alinifundisha vizuri.

Nafasi alipewa mwenzangu wa darasa, binti wa Kilutheri ambaye baba yake alikuwa nyapara kwenye mkonge. Hesabu nilikuwa namsaidia mimi. Alikwenda, akasoma, akarudi na miwani na sauti mpya. Sina kinyongo naye. Kinyongo nilicho nacho kinawatosha wengine wote: mzee aliyenyoosha kidole, mwalimu mkuu aliyekubali haraka mno kwamba baba amekataa, mama aliyekuwa shahidi wa ahadi na asiitwe kutoa ushahidi, na yule aliyesema hana neno. Niliifanya karatasi ya nyakati mpaka nilipoolewa, na baada ya kuolewa ililetwa kwangu kwa siri ndani ya kikapu cha samaki, mpaka baba alipofariki. Kisha misikiti ikaanza kununua zilizochapishwa, na hakuna aliyeona tofauti.

Siku yangu niliilipa Alhamisi ya wiki ile ile. Mama hakujua, nilimwambia tumbo halitaki chakula. Magharibi ilipoingia, kwa dakika niliyoipigia hesabu mwenyewe na iliyokuwa imebandikwa misikiti yote kwa jina lake, baba aliniita barazani, akapapasa sahani, akanipa tende kwa mkono wake, akaniombea Mungu aikubali funga yangu. Nikaitikia amini. Ndicho kitu pekee alichowahi kunilipa.